Mstari Mwekundu: Dhahabu, Kinywe na Saratani ya Ini Nachingwea na Ruangwa



Zahanati za Nachingwea na Ruangwa zina dhahabu, na wahudumu wake wanaitupa kila siku kwenye ndoo ya taka. Simsemi mtu, tulieni. Naongelea kile kipande cha plastiki cha kupimia malaria, mRDT, ambacho karibu kila aliyeingia ukumbini humu amewahi kutobolewa kidole kwa ajili yake. Ule mstari mwekundu unaojitokeza baada ya dakika 15 au 20 watu wengi hudhani ni wino, na wengine hudhani ni damu yao. Katika aina nyingi za kipimo hicho mstari ule ni dhahabu tupu, iliyotengenezwa katika chembe ndogo kiasi kwamba rangi yake ya njano imepotea na imekuwa nyekundu. Wachimbaji wadogo wa Namungo, Ruangwa, wasikimbilie ndoo za taka, lakini. Gramu moja inatosha vipimo makumi ya maelfu.

Hapa mezani nina chupa mbili za maji mekundu, rangi ya juisi ya rozela. Ndani mna chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 20 hivi. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 kwa makadirio, kwa hiyo chembe 4,000 zikipangwa mstari mmoja ndiyo zinavuka unywele. Sasa chupa ya kulia naitia matone ya maji ya chumvi ya mezani. Angalieni. Wekundu unaondoka, unakuja urujuani, halafu buluu ya majivu. Hakuna dhahabu iliyoongezeka wala kupungua. Chembe zilikuwa zinasukumana kwa chaji ya umeme iliyozizunguka. Chumvi imeifunika chaji hiyo, zimekaribiana, na zikikaribiana haziupokei mwanga kama zilivyoupokea zilipokuwa mbalimbali. Michael Faraday wa London aliyachunguza maji ya namna hii mwaka 1857, na akasema kwa usahihi kabisa kwamba wekundu unatokana na udogo wa chembe. Darubini ya kuziona chembe zenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Mnaona basi kwamba nyenzo ya nano inaweza kutoa habari kwa njia ya mwanga, na jicho la kawaida likaisoma. Kihisio, yaani kifaa cha kutambua kitu, kinachotumia mwanga hakihitaji zaidi ya hapo. Tunachoongeza ni kitu cha kuchagua, yaani kingamwili. Katika kipande cha malaria, chembe za dhahabu zimevishwa kingamwili zinazokamata protini inayotolewa na vimelea, iitwayo HRP2. Damu ikisafiri kwenye utepe inazibeba chembe hizo. Mbele kuna mstari wa kingamwili nyingine uliochorwa kiwandani, usioonekana. Protini ikiwepo inashikwa pande mbili, upande mmoja na dhahabu na upande mwingine na utepe, na dhahabu inarundikana pale mpaka mstari unaonekana. Protini isipokuwepo, dhahabu inapita zake na kwenda kusimama kwenye mstari wa uhakiki.

Ubadilishe kingamwili, na kipande kilekile kitapima kitu kingine. Ndivyo kipimo cha mimba kinavyofanya kazi, na ndivyo kipimo cha haraka cha homa ya ini B kinavyofanya kazi. Hapo ndipo saratani inapoingia.

Uvimbe wa saratani huacha alama kwenye damu, nami leo nitaziita viashiria. Kwa saratani ya ini kiashiria kikongwe ni alfa-fetoprotini, AFP kwa kifupi. Ni protini inayotengenezwa na mtoto akiwa tumboni, kisha baada ya kuzaliwa hupungua hadi karibu kwisha. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake wa Moscow waliikuta kwa panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu mwenye saratani hiyo. Ini lililoshikwa na saratani huanza tena kazi ya utotoni. Kiwango kinachotumika sana kama mpaka wa tahadhari ni nanogramu 20 kwa mililita moja ya damu. Tangu hapo maabara za dunia zimeipima AFP kwa kila nyenzo iliyovumbuliwa, dhahabu, fedha, nukta za kwanta, grafini.

Nukta za kwanta ni fuwele ndogo zinazong'aa rangi tofauti kulingana na ukubwa wake. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023 kwa ajili yake. Ni nzuri kwelikweli kuzitazama, lakini nyingi kati ya zile zinazong'aa vizuri zimetengenezwa kwa kadimi, nayo ni sumu. Mimi nisingezipeleka kwenye zahanati inayochoma taka zake shimoni nyuma ya jengo.

Grafini inatuhusu kwa karibu zaidi. Kipande hiki cheusi kinachopaka vidole ni kinywe. Watu wa Ruangwa hawahitaji kuelezwa, maana miradi ya Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo yote iko wilayani kwao, na kinywe cha huko kinasifiwa kwa magamba yake makubwa. Gamba la kinywe limepangwa kama kurasa za daftari, kila ukurasa una unene wa atomu moja ya kaboni. Nabandika gundi ya selotepu, naibandua, naibandika tena juu ya karatasi safi. Kila nikibandua nimegawa kurasa. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walifanya hivi hivi kwa selotepu, wakafika kwenye ukurasa mmoja peke yake, wakautangaza mwaka 2004 na kupata Nobeli ya fizikia mwaka 2010. Grafini ikioksidishwa kwa asidi kali huchanganyika na maji na kupata tabia ya ajabu kidogo, kwamba kitu kinachong'aa kikilala juu yake, mng'ao unazimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Fuzhou, China, walichukua utepe mfupi wa vinasaba wenye rangi ya kung'aa mwishoni, wakaulaza juu ya oksaidi ya grafini, ukawa giza. Walipotia kile kinachotafutwa, utepe uliondoka kwenda kukishika na mwanga ukarudi. Giza maana yake hakuna, mwanga maana yake kipo.

Najua swali lililo vichwani mwenu, kwa sababu nimeshaulizwa kabla hata sijapanda jukwaani. Je, kinywe cha Ruangwa kitapata soko kwenye vihisio hivi? Hapana. Kihisio kinatumia miligramu, mgodi unauza maelfu ya tani, na wateja wa tani ni viwanda vya betri. Akija mtu na ndoto ya kuwa wilaya itatajirika kwa vihisio vya saratani, mpeni chai, mumsindikize. Faida ya kinywe kwa jambo la leo ni kwamba mwanafunzi wa sekondari ya Ruangwa anaweza kuishika sayansi hii kwa mkono wake mwenyewe.

Swali la pili ni zito zaidi. Kama kipande cha malaria kinafanya kazi zahanati, na kipande cha AFP kinaweza kutengenezwa kwa njia ileile, kwa nini tusikigawe kila kijiji, tumpime kila mtu mzima, tuikamate saratani ya ini mapema?

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijiji kina watu wazima 1,000, na kati yao watano wana saratani ya ini wasiyoijua. Nimeweka watano ili hesabu iwe nyepesi, hali halisi huwa na wachache zaidi. Tuseme kipimo chetu ni kizuri, kinasema kweli mara 9 kati ya 10, kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile. Katika wale watano kitawapata wanne au wote. Katika wazima 995 kitawakosea mmoja kati ya kumi, yaani watu kama 100. Kwa hiyo watu zaidi ya 100 wataambiwa kuwa mstari umetokea, na wagonjwa halisi hawazidi watano kati yao. Hao wote watahitaji utrasaundi, nauli ya kwenda Lindi au Mtwara, na siku za kazi zilizopotea. Ikiwa ni Oktoba, ni siku za korosho. Wengine watauza kiwanja. Na kuna atakayesema nyumbani kwamba amerogwa, na atakayetajwa kuwa mchawi ni bibi yake.

Hesabu hiyo ni ya kipimo kizuri, na AFP haifikii uzuri huo. Ukiweka mpaka kwenye nanogramu 20, saratani nyingi ndogo, zile hasa tunazotaka kuzikamata, hubaki chini ya mpaka na kipimo kinazikosa. Upande wa pili, mjamzito ana AFP juu kwa sababu mtoto wake anaitengeneza. Mwenye homa ya ini inayowaka anaweza kuwa nayo juu bila saratani yoyote. Halafu kuna kituko wanachokijua watu wa maabara. Mgonjwa ambaye saratani imemsambaa anaweza kuwa na AFP nyingi mno kiasi kwamba inajaza kingamwili za dhahabu na za utepe kila moja kivyake, zisishikane, na mstari ukatoka hafifu au usitoke. Aliye mgonjwa kuliko wote akaambiwa mzima.

Tazameni kwa nini kipande cha malaria kimefaulu. Kabla yake kila homa iliitwa malaria. Kilipokuja, mhudumu alisoma mstari, akageuka, akachukua dawa ya mseto kwenye kabati lililo nyuma yake. Hatua tatu. Nyuma ya kipande cha AFP katika zahanati ya kijijini hakuna kabati. Kuna barua ya rufaa, na mwisho wa rufaa zote ni Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 500. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimependa vihisio hivi tangu ujana wangu, na bado nasema kipande cha AFP kisigawiwe kwa kila mtu.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ningesema tofauti. Huko kuna kipimo cha siki, ambapo muuguzi anapaka siki hafifu, anasubiri dakika moja, anaangalia kwa taa kama kuna weupe. Nacho ni kipimo cha mwanga, kihisio chake ni jicho. Kuna kipimo cha vinasaba vya kirusi cha HPV. Kuna matibabu ya kidonda cha awali yanayoweza kufanyika siku hiyohiyo kituoni, na kuna chanjo ya wasichana iliyoingia nchi nzima mwaka 2018. Kabati lipo. Kina mama waende, na nano inaweza kusubiri.

Ini halina kabati kwenye damu. Kabati lake liko nyuma zaidi, kwenye karanga, na kwa Nachingwea neno karanga lina historia.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, Kongwa kwanza, halafu Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa. Walijenga bandari Mtwara na reli kutoka huko hadi hapa Nachingwea. Hawakulima mashamba ya majaribio ya kutosha, hawakuusoma udongo wala mvua. Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu hata karanga hazikung'oleka. Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli iling'olewa, na yakabaki majina. Farm 17, ambayo wazee wengi humu wanaikumbuka zaidi kama kambi ya Frelimo, ni namba ya shamba la mpango ule.

Miaka tisa baada ya kufutwa, mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, yaliyotoka Brazili, na ndani yake sumu ya ukungu ambayo leo tunaiita sumukuvu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Ikiingia mwilini, ini linaibadilisha kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba. Alama zake hupatikana kwenye mkojo na kwenye damu. Hapa tena kuna kiashiria, ila hiki kinakwambia umekula nini kabla ini halijaharibika.

Utafiti uliofanyika Shanghai kwa wanaume zaidi ya 18,000 ulitoa hesabu ambayo natamani kila mhudumu wa chanjo aijue. Aliyekuwa na alama za sumukuvu kwenye mkojo, bila homa ya ini B, alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi ya asiyekuwa na chochote. Mwenye homa ya ini B peke yake, mara 7. Mwenye vyote viwili, mara 59. Hivi viwili havijumlishwi tu, kila kimoja kinakuza nguvu ya kingine. Ukiondoa kimojawapo umeivunja hesabu yote. Kirusi cha homa ya ini B kina chanjo, imo katika ratiba ya watoto wetu tangu mwaka 2002, na sasa hutolewa katika wiki ya 6, 10 na 14. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ndio wengi ukumbini humu, hawakuipata utotoni. Kwao kupunguza sumu kuna uzito zaidi.

Sumu hii hutuua pia kwa haraka inapozidi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20, kwa mahindi.

Sasa kipande chenye dhahabu kimepata mahali pake, maana vipande vya kupima sumukuvu kwenye nafaka vipo na vinauzwa. Nina ombi moja kwa atakayekishika. Kinasomwa kinyume cha cha malaria. Molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno, haiwezi kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo watengenezaji wameweka ushindani. Sumu ikiwa nyingi, inazikamata kingamwili za dhahabu njiani, na mstari wa kipimo haujitokezi. Mstari ukionekana vizuri, mzigo ni salama. Mtu aliyezoea mRDT atapitisha mzigo mbaya na kuukataa mzuri, kwa nia njema kabisa. Abandikiwe karatasi ukutani, kwa maandishi makubwa.

Ugumu mwingine hauko kwenye kipande, uko kwenye gunia. Kiwango cha Tanzania ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo. Ukungu haugawani sawasawa. Punje moja inaweza kuwa imeoza ndani huku jirani zake elfu ni safi, na zimewahi kupimwa punje za karanga zenye zaidi ya maikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Chukueni punje ya namna hiyo yenye uzito wa nusu gramu. Ina maikrogramu 500. Itupeni kwenye gunia la kilo 50 la karanga safi, kisha gaweni: 500 kwa 50 ni 10. Punje moja imelifikisha gunia zima kwenye mpaka wa sheria. Anayechota kiganja kimoja juu ya gunia na kukipima kwa kihisio bora kuliko vyote duniani bado hajui lolote kuhusu gunia lile. Inabidi kuchota sehemu nyingi, juu, katikati na chini, kusaga kilo kadhaa pamoja, ndipo kuchukua kijiko cha kupima. Kinu cha kusagia sampuli kina maana zaidi kuliko aina ya nano iliyomo kwenye utepe, na sijaona maonyesho ya sayansi yanayokipamba.

Mengine mnayajua kuliko mimi. Karanga zikianikwa juu ya udongo mtupu huokota ukungu. Wengine hulowesha maganda kwa maji ili yabanguke kwa urahisi, na maji yale yale ndiyo yanayoamsha ukungu gunia likishafungwa. Halafu kina mama huchambua, nzuri zinakwenda sokoni kwa sababu mnunuzi ana macho, na zilizosinyaa na kubadilika rangi zinakwenda kinuni, zinatwangwa na kutiwa kwenye kisamvu cha watoto. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Ningependa zile mbovu zifukiwe.

Nilipokuwa naandaa maneno haya nilipanga kuwaambia viongozi wa RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, wakiweke kipimo cha sumukuvu kwenye maghala yao, palipo na mizani na kipima unyevu tayari. Korosho, ufuta na mbaazi zinapita huko kwa stakabadhi ghalani, kwa hiyo utaratibu upo. Lakini karanga tunazokula sisi hazipiti ghalani. Zinatoka shambani kwenda darini, au kwa mchuuzi, au kwa vikundi vya kina mama vinavyotengeneza siagi ya karanga. Mahindi ya ugali nayo yanakwenda moja kwa moja mashineni. Kipimo kikikaa ghalani kitailinda bei, midomo itabaki kama ilivyo.

Kwa AFP, nashauri kazi ya aina nyingine, ya polepole. Wenye homa ya ini B inayojulikana waandikishwe, wapigwe utrasaundi kila miezi sita, na damu yao ipimwe kwa kipimo cha maabara na kwa kipande cha dhahabu siku ileile, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Baada ya miaka kadhaa tutajua kama nanogramu 20 ni mpaka unaofaa kwa watu wa huku au lazima usogezwe. Mpaka huo ni wa kutafutwa kwenye damu ya watu wa Lindi na Mtwara, na hadi upatikane kipande kibaki mikononi mwa watafiti.

Kwa sumukuvu hatuna sababu ya kungoja miaka. Ningeanza na unga wa uji wa shule. Unanunuliwa kwa pamoja, unasagwa mahali pamoja, sampuli yake imeshachanganywa na mashine yenyewe, na mwalimu mkuu ana uwezo wa kuurudisha kwa muuzaji kabla haujapikwa.